Kutunga majaribio ya programu kutoka kwenye maelezo rasmi: maana yake nini?

Anayeandika programu ya kutuma pesa kwa simu huijaribu kwa mifano ya kichwani mwake: Asha ana 5,000, anamtumia Juma 2,000, anabaki na 3,000. Safi. Ila aliyeandika programu ndiye aliyebuni mfano, na alichosahau huku atakisahau na kule.

Maelezo rasmi husema kwa lugha ya hisabati programu inapaswa kutimiza nini, bila kugusa itatimizaje. Kwa kutuma pesa tuanze na masharti mawili: kiasi kizidi 0 lakini kisizidi salio la mtumaji, na baada ya kutuma, jumla ya masalio yote ibaki ileile. Zipo lugha maalumu za kuandikia haya, kama VDM iliyotoka maabara ya IBM huko Vienna, na Z iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa kuwa hazina utata wa maneno ya kawaida, kompyuta inaweza kuyasoma masharti na kuyatungia majaribio yenyewe.

Njia moja ni kusimama mipakani. Sharti la kiasi peke yake linatoa 0, 1, salio kamili, na salio jumlisha 1. Njia nyingine ni bahati nasibu. QuickCheck, chombo cha kujaribu programu kilichotangazwa mwaka 2000 na Koen Claessen na John Hughes wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Sweden, hujaribu kila sharti mara 100 kwa data za kubahatisha, usipoiagiza vingine.

Sasa tazama. Hakuna aliyesema mtumaji na mpokeaji wawe watu tofauti, kwa hiyo mapema au baadaye chombo kitamfanya Asha ajitumie mwenyewe. Ana 500, anatuma 100. Programu inasoma salio la mtumaji, 500, na la mpokeaji, 500. Inaandika 400 kwa mtumaji, kisha juu yake inaandika 600 kwa mpokeaji. Asha kapata 100 ya bure! Ni wachache ambao wangekaa chini wakabuni mfano huo.

Kwa maoni yangu, faida kubwa hata si wingi wa mifano. Namba za ovyo yeyote anaweza kuzitupa. Kazi ni kujua jibu lililotoka ni sahihi au la. Hapa sharti la jumla ndilo hakimu, na hakuna haja ya mtu kukokotoa jibu la kila jaribio.

Ila hakimu naye hukosea. Tuseme kila muamala unakatwa 50 inayoingia akaunti ya kampuni, na aliyeandika maelezo hakuihesabu akaunti hiyo kwenye "masalio yote". Jaribio litafeli kila pesa inapotumwa ilhali programu ni nzima, na cha kurekebishwa ni maelezo.