Mtoto mwenye usonji anayekula boflo tu: maswali ya wazazi wa Pemba

Katika kazi yangu ya lishe hapa Pemba nimekaa na wazazi wengi wenye watoto wa usonji (autism), hali ya ubongo inayobadilisha jinsi mtoto anavyowasiliana na anavyohisi vitu. Maswali yao ya chakula hufanana, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini, jirani asisikie. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Mwanangu ana miaka sita. Anakula boflo, wali mweupe na chai ya maziwa, basi. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Ni kweli?

Hapana, na hilo nataka ulisikie kabla ya jengine lolote. Daktari Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943 iliyoutambulisha usonji, alieleza habari za watoto 11, na sita kati yao walikuwa na shida kubwa ya kula tangu uchanga. Si jambo la malezi yako. Watoto wengi wenye usonji hupokea harufu, ladha na mguso kwa ukali kuliko sisi. Harufu ya samaki inayokutia hamu wewe, yeye inamtia kichefuchefu. Mchuzi ukigusa wali, wali wote umeharibika.

Boflo anaipenda sababu haimbadilikii. Embe la leo tamu, la kesho chachu, lakini boflo la jana na la leo ni lile lile. Hata hivyo si kila boflo. Katika nyumba moja ya Wete nilimuona mtoto akipewa boflo la duka jengine. Hakulionja. Alilipeleka puani, akapitisha kidole gumba juu ya ganda lililoungua kidogo, akalirudisha sahanini taratibu, kisha akaziba masikio. Mama yake machozi yalikuwa yanamlenga. Kwetu sisi ulikuwa mkate ule ule. Kwake kilikuwa chakula asichokijua.

Hiyo chai lakini ipunguze. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mpe maziwa matupu akiyakubali, yasizidi kama nusu lita kwa siku, maana yakizidi hushiba kwayo na damu ikapungua vile vile.

Bibi yake humbana pua na kumshindilia uji. Anasema ndivyo tulivyolelewa.

Muombeni bibi aache, kwa adabu, lakini leo hii. Mtoto anaweza kupaliwa uji ukaingia mapafuni. Na kila akishindiliwa, anazidi kujifunza kuwa chakula ni kitu cha kuogopwa. Wengine husema aachwe na njaa, ikimzidi atakula. Kwa watoto hawa usijaribu: wapo wanaoendelea kukataa mpaka wanalegea.

Kazi yako ni kuchagua chakula gani kiwepo, saa ngapi na wapi. Ale au asile, na kiasi gani, hayo muachie yeye.

Sisi tunakula sinia moja. Tukikaa tu, anakimbia.

Sinia kwake ni zogo: mikono mitano, mchuzi unaotiririka, watu wanaongea. Mtengee sahani yake karibu yenu, kila kitu upande wake, kitoweo kwenye kibakuli mbali. Mahali pale pale, saa ile ile. Dakika kumi na tano zinatosha, kisha muache ainuke.

Ramadhani inahitaji mpango wake. Jiko linanyamaza mchana, na ratiba aliyoizoea inavunjika ghafla. Mtoto hajabaleghe, hana wajibu wa kufunga, basi chakula chake cha mchana kiwepo saa yake ya siku zote. Na jioni mlishe kabla ya watu kukusanyika kufuturu.

Nitaanzaje kumuongezea vyakula?

Anzia kwenye anachokila, na usiende mbali nacho. Boflo tupu, kisha boflo lililochomwa kidogo. Akilizoea, pakaza siagi nyembamba. Baadaye lichovye kwenye yai ulikaange. Kila hatua ichukue wiki kadhaa, na mkirudi nyuma hamjaharibu kitu. Wali mweupe nao unaweza kupikwa kwa tui jepesi, tena jepesi kweli, kama kijiko.

Chakula kigeni kiweke kwenye kisahani chake, kiasi cha ncha ya kidole, usimwambie chochote. Akikitazama bila kukisukuma, hiyo ni hatua. Akikigusa, akikinusa, akikilamba na kukitema, zote ni hatua. Mtoto yeyote anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 10 hadi 15 kabla ya kukikubali, na mwenye usonji huhitaji zaidi.

Usimfiche kitu ndani ya chakula anachokiamini. Mama mmoja alitia unga wa dagaa kwenye wali wa mwanawe kwa nia njema kabisa. Mtoto aliugundua kwa tonge la kwanza, akauacha wali, na tulihangaika miezi miwili kumrudisha. Dawa za kusaga nazo ni hivyo hivyo.

Nitajuaje kuwa imefika pa hatari?

Uzito pekee usikudanganye, mtoto anaweza kuwa mnene na mwili hauna vitamini. Ninachokiogopa zaidi ni kiseyeye. Mtoto asiyeonja tunda wala mboga kwa miezi huanza kuchechemea, kisha anakataa kutembea kabisa, fizi zinavimba na kuvuja damu. Watu hudhani ameanguka, au ana shetani, kumbe ni ukosefu wa vitamini C. Chungwa au pera kila siku linakinga, na asiyekubali tunda hupewa vitamini hiyo kwa ushauri wa daktari.

Mpeleke pia akiwa mweupe viganjani, akila udongo au mkaa, akishindwa kuona vizuri magharibi, akipungua uzito, au akiacha ghafla chakula alichokuwa akikipenda. Huyu wa mwisho muangalie kinywa kwanza, pengine jino linamuuma na hawezi kusema. Choo kigumu na minyoo huua hamu ya kula, na vyote vina dawa. Iwe hospitali ya Wete, ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, nenda na karatasi ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu. Inamsaidia daktari kuliko maelezo ya kichwani.

Nimeambiwa nimuachishe ngano na maziwa, usonji utaondoka. Na kombe, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji akanywa mgonjwa, je?

Hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kumuachisha ngano na maziwa kunaondoa usonji, na kwa mtoto anayekula vitu vitatu utakuwa umemnyang'anya viwili. Dua endeleeni nazo, ilimradi zisichukue nafasi ya hospitali. Kombe akilikataa, usimbane pua. Msomee tu.