Platini haiokotwi ikimeta kama dhahabu

Wengi wanadhani mchimbaji wa platini hupasua mwamba akakuta kipande cheupe kinang'aa, tayari kwa sonara. Ingekuwa hivyo, Afrika Kusini isingehitaji matanuru makubwa kiasi kile.

Chukua jiwe kutoka tabaka la Merensky, lililogunduliwa eneo la Bushveld nchini humo mwaka 1924. Ukiligeuza mkononi utaona madini meusi na meupe, na huku na kule vipunje vya rangi ya shaba iliyopauka. Vipunje hivyo ndivyo vinavyomdanganya mgeni: ni madini ya chuma, nikeli na shaba yaliyoungana na salfa. Platini yenyewe huioni. Imejificha humo ndani, kwenye chembe ndogo kuliko punje ya chumvi. Nyingi si metali tupu bali madini adimu: kuperaiti, ambamo platini imeshikana na salfa, au sperilaiti, ambamo imeshikana na aseniki (ndiyo, ile sumu). Sperilaiti ilitambuliwa Sudbury, Kanada, ikapewa jina la mkemia Francis Sperry mwaka 1889.

Tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu, pengine za pete moja. Lazima usagwe, vipunje vyake vielee kwenye povu, viyeyushwe, kisha kemia imalizie.

Vipande vya kuokota vipo, sikatai. Mito ya Milima ya Ural ilivitoa kwa wingi, hata Urusi ikafua sarafu za platini kuanzia 1828. Navyo huwa vimechanganyika na chuma.