"Nendeni Jiji!": Tunayoyaamini kuhusu nani anaiendesha Dar, na yalivyo kweli

Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kwenye uchochoro wetu, utingo akiligonga ubavuni na kusema "njoo, njoo, njoo", mpaka likaja kweli. Likavunja mfuniko wa mtaro, likapasua bomba la maji, likaisukuma nguzo ya umeme ikabaki imeinama kama mlevi anayesubiri daladala ya mwisho. Dereva hakungoja salamu. Baada ya nusu saa njia yote ilikuwa tope, na mama anayetuuzia chapati alishahamishia jiko lake barazani kwa jirani.

Kikao kikakaa palepale. Mzee mmoja akasema aitwe mjumbe wa nyumba kumi. Kijana wa bodaboda akasema mjumbe hana lolote, apigiwe diwani. Mwingine akamtaka Mkuu wa Mkoa, "maana yule akifoka mambo yanakwenda." Sauti ya nyuma ikafunga mjadala: "Nendeni Jiji!" Tukaitikia wote, nami nikiwemo. Hakuna aliyeuliza Jiji lenyewe liko wapi.

"Jiji la Dar es Salaam ndiyo Dar nzima"

Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Februari 2021 si hivyo tena.

Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hizi mbili za mwisho ni changa. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni kutoka Temeke, ndiyo maana watu wa Sinza wenye umri wangu bado ulimi unateleza wakitaja wilaya yao. Kila wilaya ina halmashauri yake. Nne kati yake ni manispaa. Ya tano, ile ya Ilala, ndiyo inayoitwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Kwa hiyo mtu wa Chanika mwenye mihogo nyuma ya nyumba anaishi Jijini, na mtu wa Masaki mwenye bwawa la kuogelea anaishi manispaa, tena ya Kinondoni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima. Waliokuwa Ilala ni 1,649,912, yaani watatu katika kila kumi. Wale saba waliobaki, wanaposema "Jiji halitujali", wanailalamikia halmashauri ambayo hata kura ya udiwani hawaipigii.

Hatukuchanganyikiwa bure. Dar ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961, na meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa nchi nzima kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na zile tulizonazo leo zimesimama juu ya sheria za 1982. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilipomaliza muda wake mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji.

Hiyo ya juu ndiyo tuliyoizoea. Haikuwa na eneo lake yenyewe. Madiwani wake walitoka kwenye manispaa, na kazi yake ilikuwa mambo yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu Kinyamwezi na stendi ya mabasi ya mikoani pale Ubungo. Rais John Magufuli alipoivunja mwaka 2021, jina la Jiji alilivisha Ilala. Jina likabaki lilelile, mwenye kuitwa akawa mwingine.

Hapa niseme langu. Hoja ya kuivunja ilikuwepo, maana kulipa posho za baraza lisilo na hata mtaa mmoja wake ni jambo la kuuliza. Lakini tangu siku ile hakuna baraza la kuchaguliwa linaloizungumzia Dar yote. Na yapo mambo ambayo hayajui mpaka wa manispaa. Utazame Mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, huko Pwani, unapita Ilala, unapokea vijito vya upande wa Ubungo na Kinondoni, halafu unajimwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Godoro likitupwa mtoni huku juu, atakayekutana nalo ni mtu wa Jangwani, maji yakiwa kiunoni. Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, hayakuuliza nani ni wa halmashauri gani. Leo anayeweza kuziita halmashauri zote tano kwenye meza moja ni mkoa, na mkoa unaongozwa na walioteuliwa.

"Mkuu wa Mkoa ni bosi wa meya"

Hizi ni ngazi mbili zinazopanda ukuta mmoja. Mkuu wa Mkoa na wakuu wa wilaya huteuliwa na Rais, nao ni jicho la Serikali Kuu. Mkuu wa Mkoa anaongoza kamati ya usalama, anafuatilia miradi, na kupitia sekretarieti ya mkoa, iliyo chini ya Katibu Tawala, anazishauri na kuzisimamia halmashauri. Kwenye baraza la madiwani hapigi kura. Bajeti ya manispaa wanaipitisha madiwani.

Meya naye ni diwani kwanza. Kata yake humchagua, kisha madiwani wenzake humpigia kura ya umeya. Mkazi wa kawaida hajawahi kumchagua meya moja kwa moja, ingawa vijiweni tunamlaumu kana kwamba tulimpa kura wenyewe.

Ukitaka kujua kalamu iko kwa nani, mtafute mkurugenzi. Huyo ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, mwenye mafungu na watumishi, na wa jiji au manispaa huteuliwa na Rais. Meya ana joho na mkufu, mkurugenzi ana saini. Ndiyo maana yule jirani aliyemtaka Mkuu wa Mkoa hakupotea sana: sauti ya mteule husikika haraka kwa mteule mwenzake. Alichokosea ni kudhani sheria ndiyo inayosema hivyo.

Na ile habari ya kumweka mtu ndani saa 48? Ipo, kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Ila iliwekwa kwa ajili ya mtu anayehatarisha amani, na sababu zinapaswa kuandikwa. Kumwadhibu mtumishi aliyechelewa kikaoni hakumo.

"Mjumbe wa nyumba kumi ni serikali"

Hili ndilo gumu kuwatoa wazee, na ninawaelewa. Ubalozi wa nyumba kumi ulianza enzi za TANU, miaka ya 1960, na chini ya chama kimoja ilikuwa vigumu kusema chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Mjumbe alijua mgeni aliyelala kwako, ugomvi wa mke na mume, na sukari ya mgawo imefika lini. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Tangu hapo mjumbe ni kiongozi wa chama. Anaweza kuwa mtu wa busara kuliko ofisi nzima, na wengi ni hivyo, lakini barua yake si barua ya serikali.

Kwa mjini ngazi ya chini kabisa ya serikali ni mtaa. Pale kuna watu wawili ambao wengi tunawachanganya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anachaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Yeye anaweza kuhamishwa kesho, mwenyekiti ni jirani yako hadi muda wake uishe. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, ya dhamana, ya kuombea kitambulisho, inatoka hapo, na mhuri wake.

Shemeji yangu wa Unguja alipohamia Temeke aliniuliza siku ya kwanza, "Sheha wenu anakaa wapi?" Nilimwambia hatuna. Kwao sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Huku mwenyekiti anapigiwa kura. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hiyo kila upande una utaratibu wake. "Sasa mkimchoka mnamwondoaje?" akauliza. Nikamwambia tunasubiri miaka mitano, au tunaacha kumsalimia.

"Barabara, maji na umeme ni vya manispaa"

Turudi kwenye lori. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtaratibu, alifika na daftari, akasikiliza wote, kisha akasema: "Shikamooni wazee. Hapa pana wenyewe watatu, na hakuna hata mmoja aliye manispaa."

Bomba: DAWASA, mamlaka iliyo chini ya Wizara ya Maji, inayohudumia Dar na sehemu ya Pwani. Maji yenyewe mengi yanatoka Mto Ruvu, nje ya mkoa wetu kabisa. Nguzo: TANESCO. Barabara ya mtaani pamoja na mtaro wake: TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 ukachukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Lingetokea barabara kuu, tuseme Morogoro au Mandela, angehusika TANROADS. Na kama lori lingegonga kituo cha mwendokasi, hapo kuna DART; nauli ya daladala ya kwendea kulalamika inapangwa na LATRA.

Manispaa inabaki na nini? Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, usafi na taka, leseni nyingi za biashara, vibali vya ujenzi. Vilevile mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo wakati wa kampeni kila mgombea huiita yake.

Mwenyekiti alipiga simu mbili mbele yetu. Nguzo ilinyooshwa kwanza, bomba likafuata. Mfuniko wa mtaro hatukuusubiri. Ilibainika mchanga ulikuwa wa jirani anayejenga, naye kwa aibu akatoa saruji na nondo, fundi wake akaumwaga zege Jumapili.

"Ile hela inayokatwa kwenye LUKU ni ya TANESCO"

Ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia mita ya umeme. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba. Kiuhalisia anakatwa anayenunua umeme, yaani mpangaji. Mkumbushe mwenye nyumba siku ya kulipa kodi ya pango, kwa upole.

"Kigamboni ni kisiwa"

Nimelisikia hili kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, kutoka kwa mtu aliyezaliwa Ilala. Kwa kuwa tunavuka maji kwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali, au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, tunadhani huko ng'ambo kumezungukwa na bahari. Pita Mbagala, kata Kongowe, utafika Kigamboni bila kulowa unyayo.

Visiwa vya kweli Dar inavyo: Mbudya, Bongoyo, Sinda, Makatumbe na vingine. Navyo viko ndani ya maeneo tengefu ya bahari, kwa hiyo kiingilio tunachotoa hakiendi manispaa, kinakwenda kwa Hifadhi za Bahari. Mwaka jana nilivuka kwenda Mbudya kutoka Kunduchi. Nikiwa bado na risiti mkononi nikamuuliza nahodha, "Kaka, hapa tuko wilaya gani?" Akasema Kinondoni. Na diwani wake?

Akacheka huku akitupa nanga. "Huku diwani aje kufanya nini, na hakuna mpiga kura?"