Je, Wajua Kwa Nini Duka la RTC Lilikufa Bidhaa Zilipojaa Tanga?

Kijana wa Tanga akiwasikia wazazi wake wakitaja RTC, hudhani wamekosea, wanataka kusema RTD, ile redio ya taifa ya zamani. Hapana, RTC ilikuwa kampuni ya biashara ya mkoa, na maduka yake ndiyo yaliyokuwa tegemeo la mji. Kituko chake ni kwamba miaka ambayo rafu zake zilikuwa tupu, duka la RTC lilisimama imara. Bidhaa zilipojaa mjini, likafa. Ilikuwaje?

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilitaifisha makampuni makubwa yaliyokuwa yakiagiza bidhaa nje na kuzisambaza nchini: Smith Mackenzie, Dalgety, A. Baumann na mengineyo, pamoja na Wigglesworth ambayo watu wa mkonge waliijua vizuri. Kazi yao ikakabidhiwa shirika moja la biashara, STC. Mwaka 1973 STC ikavunjwa, kila mkoa ukapewa kampuni yake, ndiyo hiyo RTC. Huku nyuma maduka ya watu binafsi yalikuwa yakipungua. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi za Kihindi zilizokuwa zikiuza chini na kulala ghorofani zikafungasha. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka biashara ya rejareja ishikwe na vijiji na ushirika. Haikufika mbali, maana maduka yalifungwa kabla ya mengine kuwa tayari.

Sasa angalia utaratibu wenyewe. Bidhaa muhimu zilipitia mashirika ya umma tu. Mwenye duka wa Muheza au Pangani, hata awe na fedha za kujaza lori, sukari aliipata kwa kibali. Bei nayo ilipangwa na Tume ya Bei. Bidhaa ikiadimika, bei ya dukani ilibaki palepale huku ya mtaani ikipaa. Basi faida haikuwa tena katika kuuza, ilikuwa katika kibali. Mwenye kibali hana haja ya kupanga rafu wala kumchekea mteja. Mzigo ukifika usiku, asubuhi umeshatoka kwa mlango wa nyuma. Watu wamezoea kuwalaumu mameneja wa RTC. Walikuwamo wezi, sikatai, lakini hata ungemweka walii kwenye kiti kile, tofauti ile ya bei ingemletea wageni kila jioni.

Na bidhaa ziliadimika kwelikweli. Mkonge, uliokuwa ukizidi tani 200,000 kwa mwaka nchini katikati ya miaka ya 1960, ulishuka baada ya kamba za plastiki kuuharibia soko, na fedha za kigeni zikapungua nao. Mafuta yakapanda bei. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza kilichobaki.

Hapo ndipo foleni zikawa maisha. Mtu alipanga foleni kwanza, ndipo akauliza, "Leo wanatoa nini?" Alfajiri mbele ya duka kulikuwa na mawe, matofali, ndala na vikapu, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi, na ole wake aliyesogeza jiwe la mwenzake. Ukibahatika unarudi na kilo ya sukari na kipande cha sabuni ya mche. Usipobahatika, nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai.

Tanga ilikuwa na njia nyingine, Horohoro. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa mahututi, ukafunguliwa Novemba 1983. Ulifungwa kwa magari na karatasi, maana magendo kutoka Mombasa yaliendelea kwa njia za panya. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, waliokuwa wamejaza mali ndani waliitupa usiku, wasijue wataanza kukamatwa nani. Wengi tuliofilisiwa na walanguzi tulishangilia. Ila msako haukutengeneza hata mche mmoja wa sabuni.

Kilicholiua duka kilikuja kimya, kwenye bajeti ya 1984. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na mwaka 1986 dola ikapanda kutoka shilingi kama 17 hadi 40. Vitu vikawa ghali, lakini vipo, na pengo kati ya bei ya serikali na ya mtaani likazibika. Kibali hakikuwa tena na thamani. RTC ikajikuta inashindana na muuza genge wa Ngamiani anayefungua kabla ya chai ya asubuhi kuinjikwa jikoni, anayekopesha jirani, na anayekupimia mafuta ya kula kwa kibaba. Hilo haikuwahi kulifundishwa.

Miaka ya 1990 serikali ikaanza kuuza na kufilisi mashirika ya umma, na kampuni za biashara za mikoa zikaondoka kwa mkumbo huo. Majumba ya Msajili yalikuwa yameshahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.