John Fletcher na soka la Australia: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Mechi ya kwanza ya soka Australia ilichezwa Sydney, 14 Agosti 1880.

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Siku hiyo timu ya Wanderers iliyoongozwa na John Walter Fletcher, mwalimu Mwingereza aliyehamia Sydney miaka ya 1870, ilicheza na wanafunzi wa King's School kwenye uwanja wa wazi wa Parramatta. Mechi ilikuwepo kweli. Ila haikuwa ya kwanza. Agosti 1875, huko Woogaroo karibu na Brisbane, wagonjwa na wahudumu wa hospitali ya akili walicheza na klabu ya mjini kwa sharti kwamba mpira usishikwe wala kubebwa mikononi. Na Mei 1879, Hobart kisiwani Tasmania, ikapigwa mechi kwa kanuni za chama cha soka cha Uingereza, mwaka mzima kabla ya Parramatta.

Basi Fletcher ana sifa gani? Ya kupanga, na kwa maoni yangu hiyo ni kubwa kuliko ya kutangulia. Mechi za Woogaroo na Hobart hazikuacha chama nyuma yake. Fletcher aliitisha mkutano hotelini Sydney tarehe 3 Agosti 1880, klabu ikaundwa, na siku kumi na moja baadaye wakawa uwanjani. Mwaka 1882 akawa mstari wa mbele kuanzisha chama cha soka cha New South Wales, koloni lenye mji wa Sydney. Mwaka uliofuata timu ya koloni hilo ikakutana na ya Victoria, koloni la Melbourne.

Dhana: Wanderers walipambana na wanasoka wenzao.

Wapi! Vijana wa King's School walikuwa wachezaji wa raga, mchezo uliotawala shule za Sydney. Hebu fikiria kijana aliyezoea kukumbatia mpira na kukimbia nao, leo anaambiwa mikono mwiko. Wakafungwa 5-0. Penalti nayo haikuwepo bado. Ililetwa kwenye sheria mwaka 1891, kwa hiyo aliyejisahau akaudaka hakuadhibiwa kwa tuta.

Dhana: Soka lilibebwa na ukoloni wenyewe, kwa kuwa ni mchezo wa Waingereza.

Raga nayo ilitoka Uingereza, na ndiyo waliyoikumbatia wakubwa wa Sydney. Kule Melbourne walikuwa na mchezo wao wa mpira, kandanda ya Kiaustralia, tangu 1859, wenye sheria walizotunga wenyewe. Fletcher aliingia na bidhaa ya tatu kwenye soko lililokwisha kugawanywa. Elimu yake ya Oxford haikumrahisishia lolote hapo.

Dhana: Wachimba migodi ndio waanzilishi.

Nusu kweli. Mwanzo wa Sydney ulikuwa wa walimu na watu wa ofisini. Lakini aliyeupa mchezo mizizi ni mfanyakazi wa makaa ya mawe, mhamiaji kutoka Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Balgownie Rangers, klabu ya eneo la migodi kusini mwa Sydney, inajihesabu kuwa ya mwaka 1883, na Minmi Rangers wa upande wa kaskazini walifuata 1884.

Dhana: Western Sydney Wanderers ya leo ndiyo klabu ya Fletcher.

Hapana. Hiyo iliundwa 2012. Jina ndilo linalowakumbusha watu wale wa 1880.