Uchaguzi mdogo hauanzishi miaka mitano mipya

Kila kiti kinapobaki wazi Pemba, barazani husikika kauli ileile: atakayeshinda kajipatia miaka mitano yake. Sivyo. Aliyechaguliwa katika uchaguzi mdogo humalizia muda uliobaki tu, kisha uchaguzi mkuu ukifika anarudi kwa wananchi kama wenzake wote.

Tazama Konde, jimbo mojawapo la Pemba. Mwaka 2021 mbunge wake alifariki, na Julai ukafanyika uchaguzi mdogo. Aliyeshinda akajiuzulu kabla ya kuapishwa, watu wakapiga kura tena Oktoba mwaka huohuo. Mara mbili, na bado ukomo ulibaki uleule: uchaguzi mkuu wa 2025.

Hapo pia wengi huchanganya. Kila jimbo la Zanzibar lina mbunge anayekwenda Dodoma na mwakilishi anayekaa Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Akiondoka mmoja, mwingine habanduki. Uchaguzi wa kiti cha Bunge husimamiwa na tume ya taifa ya uchaguzi, wa Baraza na ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Naliona jambo hili zito, kwani mpiga kura asiyejua anajaza kiti kipi atamdai ahadi mtu asiyehusika.