Nani Anayeikagua Wodi ya Wagonjwa wa Akili?

Swali: Mamlaka huru ya kusimamia huduma za afya ya akili ni chombo gani?

Ni chombo kilichoundwa kwa sheria ili kuweka viwango vya huduma, kukagua wodi, kupokea malalamiko na kuhakikisha kwamba waliolazwa bila ridhaa yao wamelazwa kihalali. Kinaitwa huru kwa sababu hakiendeshi hospitali wala hakiwaajiri wanaofanya kazi humo. Wizara inayojenga wodi, kununua dawa na kulipa mishahara itaona taabu kutangaza hadharani kwamba wodi hiyo hiyo haifai kulaza binadamu.

Swali: Mbona wagonjwa wa malaria hawana chombo chao?

Mgonjwa wa malaria asiporidhika na wodi anaweza kuondoka. Mtu aliyeletwa Mbeya mjini kutoka Rungwe au Chunya akiwa amefungwa kamba, huku ndugu zake ndio waliosaini fomu, hana nafasi hiyo. Anaweza kuchomwa sindano asiyoikubali, akafungiwa chumba cha peke yake, na akilalamika, malalamiko yake yakahesabiwa kuwa ni dalili za ugonjwa. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, peke yake linatosha kuhitaji jicho la mtu wa nje.

Swali: Mkaguzi akifika wodini huangalia nini?

Mkaguzi makini haishii ofisini kwa mganga mfawidhi. Huomba mafaili na kusoma nani aliomba mgonjwa alazwe, daktari yupi alimpima na sababu gani ziliandikwa. Faili lisemalo "msumbufu nyumbani" bila maelezo mengine huzua maswali. Hufungua pia daftari la waliofungwa au kutengwa, akilinganisha saa ya kuingia na saa ya kutoka, maana safu ya kutoka ikiachwa tupu, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mtu hakukaa humo usiku kucha. Huhesabu mablanketi, jambo lisilo dogo Makete au Iringa mwezi Julai. Kisha huzungumza na wagonjwa wenyewe, muuguzi akiwa hayupo.

Swali: Kuna nchi inayofanya hivyo?

Ireland ni mfano mzuri. Sheria yake ya mwaka 2001 iliunda Tume ya Afya ya Akili, yenye mkaguzi wake, na ikaagiza kwamba amri ya kumlaza mtu kwa lazima ipitiwe ndani ya siku 21 na jopo la watu watatu: daktari bingwa wa magonjwa ya akili, mwanasheria na mtu asiye wa taaluma hizo.

Swali: Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulalamike wapi?

Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, lakini malalamiko hupelekwa sehemu mbalimbali kulingana na kosa. Anzeni kwa mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kosa la kitaaluma la daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na la muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Haki ikivunjwa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na Katiba na yenye uwezo wa kutembelea mahali wanapozuiliwa watu. Ndugu anaweza kulalamika kwa niaba ya mgonjwa. Aandike tarehe, wodi na kilichotendeka, na abaki na nakala.